Shangazi Akikataa Kufika

Gari kuukuu la kupanda milima huishi miaka mingapi?

Swali hilo Sista alikuwa ameshamuuliza kila mtu aliyewahi kukaa karibu naye kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai. Alimuuliza mumewe, wakala wa bima, mtu ambaye tangu amwoe hajawahi kujibu swali kwa neno moja, akaambiwa kwamba inategemea. Inategemea matunzo, inategemea barabara, inategemea dereva, na dereva naye anategemea amelalaje. Akamuuliza dereva wa lori aliyelazwa wodini kwake, mguu umening'inizwa juu kwa kamba, na yule bwana akacheka mpaka mguu ukamuuma. "Magari yale, Sista? Yale hayafi. Yanamzika mwenye nayo, anarithi mtoto, yanamzika na mtoto." Sista akamwambia anyamaze alale, ingawa ilikuwa asubuhi na watu ndio kwanza wanakunywa uji.

Jibu hilo silo alilolitaka. Sista alitaka kuambiwa, "Mwezi ujao, halifiki."

Gari lenyewe lilikuwa la baba yake. Rangi yake ya kwanza hakuna aliyeikumbuka. Mlango wa abiria ulifungwa kwa mkanda wa suruali, na ukikaa kiti cha mbele uliiona barabara mara mbili: mara moja kupitia kioo, mara ya pili kupitia tundu lililokuwa sakafuni katikati ya miguu yako. Mzee alilitumia kubebea wachimba visima alipokuwa dereva wa idara ya maji, na idara ilipoyauza magari yake yaliyochoka, yeye akalinunua lile lile alilolichosha mwenyewe. Siku alipolifikisha nyumbani, mkewe, ambaye sasa ni marehemu, alitoka nje akashika kiuno. "Umeniletea mke mwenza?" Mzee akasema, "Nimekuletea shangazi." Jina likabaki. Tena lilimfaa, maana Shangazi alilalamika njia nzima, aliguna kila mlima, alitema moshi kila kona, lakini hakukosa kufika kwenye shughuli hata moja.

Mzee alikuwa amevuka sabini, anaishi peke yake kwenye nyumba yake juu ya kilima, mwisho wa barabara ambayo hata mbuzi huishuka kwa kufikiri kwanza. Sista alikuwa muuguzi mkuu wa wodi ya majeruhi. Basi hebu niambie, mtu anayefanya kazi hiyo, mwenye baba huyo, na baba mwenye gari hilo, atalala usingizi gani? Kila machela iliposukumwa kuingia mlangoni, Sista alitazama viatu kabla hajatazama jeraha. Baba yake alivaa viatu vya kahawia. Kumbe mjini wanaume wenye viatu vya kahawia ni wengi mno.

"Baba, njoo ukae kwetu," alimbembeleza kila Jumapili mzee alipokuja kula chakula cha mchana. "Chumba kipo, kitanda kipo, choo kipo humo humo chumbani."

"Choo chumbani!" mzee alimaka. "Mtu mzima na akili zangu, nilale na choo?"

Aliendelea kubembelezwa, na Jumapili moja akachoka. Aliweka kijiko chini mbele ya mkwe wake, na mbele ya mama wa mkwe wake ambaye siku hiyo alikuwa mgeni, jambo lililofanya maneno yake yawe mazito maradufu. "Nisikilizeni. Kuja hapa huwa naja na Shangazi. Siku Shangazi atakaposhindwa kunifikisha kwenye mlango huu, siku hiyo hiyo nimehamia. Sirudi hata kuchukua kofia. Nimesema."

Na mzee yule akisema, amesema. Aliwahi kusema kwa hasira tu kwamba hatakula tena samaki wa kopo, na mpaka leo huwa anawatazama dukani kwa jicho la mtu aliyeachana na mchumba, lakini hawagusi.

Tangu hapo Jumapili za Sista zikawa za ajabu. Anapika, anaandaa meza, kisha anasimama kwenye roshani ya ghorofa ya tatu akiomba gari la baba yake life. Dua gani hiyo? Lakini aliomba, tena kwa unyenyekevu na kwa kuchagua maneno: life polepole, Mola wangu, likiwa limesimama, mahali tambarare, mchana kweupe. Akimaliza tu, kule njia panda kunasikika kelele kama za mtu anayeburuza sufuria. Shangazi huyo, anaingia na moshi wake.

Mpaka ikafika Jumapili ambayo kelele hazikusikika. Chakula kikapoa. Sista akaanza kuvuja jasho, dua zote zikamgeukia. Alikuwa ameshashika simu kupigia wodini kwake kuulizia viatu, mara lori lililojaa magodoro likasimama mbele ya jengo. Juu kabisa, juu ya godoro la mwisho, alikuwa amekaa baba yake, kofia kichwani, mgongo umenyooka, kama bwana harusi anayesubiri kuitwa. Watu wanne walimsaidia kushuka. Mkononi alikuwa na mkoba mdogo wa ngozi aliozoea kusafiri nao.

"Hodi."

"Karibu, baba! Shikamoo! Umeumia wapi?"

"Marahaba. Sijaumia popote. Shangazi amekataa pale darajani. Rejeta imepasuka, maji yote yamemwagika." Mzee akatazama huku na huku kama mtu aliyeingia ofisini kwa mara ya kwanza. "Haya. Hicho kitanda kiko wapi?"

Sista alitaka kupiga kigelegele. Alijikaza, akakipiga kimoyomoyo, kirefu, chenye madoido yote.

Kesho yake Shangazi alivutwa kwa kamba mpaka kwa fundi wake wa siku zote, Fundi Kesho. Jina hilo hakupewa na wazazi wake, alipewa na wateja. Ukimuuliza gari litakuwa tayari lini, neno lilimtoka lenyewe kama chafya. Sista alipotoka zamu alimpitia, akamkuta kichwa kimezama kwenye boneti.

"Sista, leo una bahati," fundi akasema. "Ni rejeta tu, na ninayo nzuri hapa. Kesho gari linatembea. Na hii kesho ni kesho ya kweli, si ile nyingine."

"Fundi, hakuna haraka."

Fundi Kesho alitoa kichwa chake taratibu. "Unasemaje?"

"Nasema usiharakishe. Baba akipiga simu, mwambie kuna spea inasubiriwa."

"Inasubiriwa kutoka wapi?"

"Mbali."

"Mbali wapi?"

"Mbali, fundi! Wewe hujawahi kudanganya mteja?"

Fundi aliweka spana chini, mkono kifuani, macho yamemlegea. "Sista, nimetukanwa maisha yangu yote kwa hilo hilo unaloniomba leo kwa upole. Mungu akuweke. Nenda, usiwe na wasiwasi, sitaligusa."

Sista akarudi nyumbani anaimba.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri hata akajiona mjinga kwa kutofanya hivyo mapema. Mzee alizunguka nyumba kama mkaguzi. Alirekebisha bomba lililokuwa likidondosha maji, akatia mafuta bawaba za milango, akainua kabati lililokuwa limeegama upande akaliwekea kipande cha mbao. Aligombana na mlinzi wa jengo kuhusu namna ya kufunga geti, akagombana na jirani wa chini kuhusu harufu ya vitunguu, akamwambia Sista supu yake haina chumvi na mumewe kwamba anavyoegesha gari utadhani anamkimbia mke. Mumewe huyo, maskini, alizoea kurudi kazini akavua shati na kubaki na bukta. Sasa mkwe yuko sebuleni. Basi alikaa na suruali, soksi na adabu mpaka saa ya kulala, anakohoa kwa kiasi.

"Baba anaendelea vizuri, eh?" Sista alimnong'oneza.

"Vizuri sana," alisema mumewe huku anajikuna chini ya soksi. "Sijui gari lake nalo linaendeleaje?"

Kisha vitu vya kurekebisha vikaisha. Nyumba ya mjini ina milango mingapi? Mzee akahamia kwenye roshani, kwenye kiti cha plastiki kilichotazama njia panda, akawa anashinda hapo. Magari yalipokuja kupanda mlima ule mdogo wa mbele, mkono wake wa kushoto ulijiinua wenyewe gotini ukabadilisha gia ya hewani. Likipita basi lililochelewa kubadilisha, alisonya. Sista aliona, akacheka, akamsimulia mumewe.

Siku zilizofuata mzee hakusonya tena. Mkono ukabaki gotini. Majirani wa kule kilimani walimpigia simu, Sista alimsikia akijibu kwa sauti ya chini, "Hapana, mama, mimi siku hizi sina gari. Mtafuteni mtu mwingine wa kuwachukulia mbegu." Akaacha kunyoa ndevu. Akaanza kulala mchana, na kuzipanda ngazi akipumzika kila ghorofa. Jioni moja Sista alisahau kabisa kutia chumvi kwenye supu. Si kidogo, alisahau kabisa. Mzee akainywa yote, akafuta mdomo.

"Ilikuwaje, baba?"

"Nzuri tu, mama. Asante."

Kijiko kilimponyoka Sista. Watu wasiofanya kazi wodini hawajui, lakini yeye alijua kabisa. Mgonjwa anayelalamika, anayesema chai baridi, shuka fupi, sindano imechomwa na mtu asiye na dini, huyo mwache, anapona. Wa kuangaliwa usiku na mchana ni yule anayeshukuru kila kitu. Na baba yake alikuwa ameshukuru tangu asubuhi: ameshukuru uji, ameshukuru mto wa kulalia, amemshukuru hata mlinzi wa geti.

Alikuwa amemtoa baba yake barabarani asife, na sasa anakufia kwenye kiti cha plastiki, tena kwa adabu.

Asubuhi yake hakwenda zamu. Alivaa sare yake nyeupe kwa mazoea, akaenda moja kwa moja gereji. Fundi Kesho alikuwa amekaa kivulini anakunywa chai, ameegemea raha mustarehe.

"Fundi, tengeneza gari la baba. Leo."

Fundi hakusimama. Sista akakitazama alichokalia. Kilikuwa kiti cha dereva, kimechanika begani na kushonwa kwa uzi mwekundu. Uzi ule aliushona marehemu mama yake.

"Hicho si kiti cha Shangazi?"

"Nimekitunza kisiloe," alisema fundi.

Sista akazunguka nyuma ya banda, na alichokiona kilimfanya ashike kichwa. Shangazi alikuwa amekaa juu ya mawe manne. Boneti wazi, ndani kweupe, nyaya zinaning'inia. Ilikuwa kama kuingia wodini ukakuta mgonjwa wako amebaki shati.

Kosa lake, masikini, ni kwamba mambo ya wodi aliyajua na ya gereji hakuyajua. Wodini mtu akilazwa, figo zake ni zake hata alale mwaka. Gereji ina sheria nyingine, haijaandikwa popote na kila fundi anaifuata. Gari likiletwa ni mteja. Likizidisha wiki bila mwenyewe kuja kugomba, linakuwa ghala. Anakuja mtu ana safari, amekosa stata ya kuwashia injini, fundi anatupa jicho, anaona kuna gari halina haraka, anasema, "Tumuazime huyu, tutarudisha." Na hakuna mwizi hapo! Wote wanaazima, wote wanajua nani ana nini, na mwenye gari akija kugomba vitu vyote vinarudi mbio. Ndiyo maana watu wenye akili hupita kugomba hata kama hawana shida. Sasa Sista sio tu kwamba hakuja kugomba. Alisema kwa kinywa chake hakuna haraka.

"Rejeta mpya umeweka?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Niliweka! Nzuri kabisa. Ndipo gari la mikate likaja, linachemka. Sista, watu wangekosa mikate."

"Na betri?"

Fundi aliangalia pembeni. "Gari la maiti."

"Stata? Jenereta ya kuchajia betri? Magurudumu?"

"Stata iko kwa muuza maji. Magurudumu nayajua yaliko. Jenereta wameichukua wale wa gari la matangazo, ile yao haikuweza kuwasha vipaza sauti." Fundi aliona uso wa Sista, akajaribu kumfariji. "Lakini jambo zuri ni kwamba vyote vinafanya kazi. Wewe uliniuliza siku moja gari kama hili linaishi miaka mingapi. Umeona mwenyewe? Mji mzima unatembea naye."

"Fundi," alisema Sista, "nitakuchoma sindano ambayo hospitali haina jina lake."

Wakaanza kukusanya. Fundi mbele na spana zake, Sista nyuma na sare yake, na ile sare ndiyo iliyofanya kazi, maana watu wakimwona muuguzi anakuja mbio na uso ule wanajua kuna mtu hali yake mbaya. Mwoka mikate alitoa rejeta kabla hajaambiwa ni ya nani. Muuza maji alibishana kidogo, akaulizwa ile sindano ya pepopunda alimaliza lini, akafungua boneti mwenyewe. Dereva wa gari la maiti ndiye aliyekuwa muungwana kuliko wote. "Chukueni tu betri," alisema. "Abiria wangu hawajawahi kulalamika kwa kuchelewa." Magurudumu yalipatikana kwa jamaa mmoja aliyeyaweka chini ya tela lake la mchanga, naye akayatoa kwa kununa.

Ikabaki jenereta. Gari la matangazo halina kituo, linazunguka. Walilisikia mtaa wa pili likitangaza kwamba maji yatakatika, wakakimbilia huko, likawa limeshageuka. Walilisikia sokoni, wakafika, limeondoka. Mwishowe Sista aliliona likija taratibu kwenye njia panda ya mtaani kwake, chini kabisa ya jengo lao, akaingia katikati ya barabara akatanua mikono.

Gari likasimama. Mtangazaji akatoa kichwa dirishani, kipaza sauti bado kiko mkononi, bado kimewashwa.

"Kuna nini, Sista?" Swali likasikika mpaka mtaa wa tatu.

"Nataka jenereta ya baba yangu!" Sista alishamwinamia dirishani, na sauti yake nayo ikapanda juu ya mapaa yote. Hakuisikia. Alichoka, alikuwa anahema, damu inamchemka masikioni.

"Fundi alisema gari lenyewe bovu, halitarudi barabarani."

"Si bovu! Lingekuwa limepona siku ya pili! Mimi ndiye niliyemwambia asilitengeneze! Mimi! Nilitaka baba akae kwangu asife barabarani, na sasa ananifia kule juu kwenye kiti, anakunywa supu isiyo na chumvi anasema asante! Nipe jenereta yangu!"

Kila mtu pale njia panda aligeuka. Muuza matunda ameshika chungwa hewani. Ndipo Sista alipousikia mwangwi wa maneno yake mwenyewe ukirudi kutoka kwenye ukuta wa jengo la pili, akainua macho. Kwenye roshani ya ghorofa ya tatu, mzee alikuwa amesimama.

"Wananchi," mtangazaji alisema kwa mazoea, "jenereta inarudishwa." Fundi akaingiza mkono na spana, na vipaza sauti vikafa.

Sista alipanda ngazi kama anayekwenda kuhukumiwa. Mlango aliukuta wazi, mzee katikati ya sebule, ndevu zake zisizonyolewa zinatetemeka.

"Hila! Mimi baba yako, unanifanyia hila na fundi! Nimekulea kwa kukudanganya mimi? Nilikuambia meno yataota, hayakuota? Nilikuambia baiskeli nitaleta, sikuleta? Na hiyo supu! Nimeinywa siku ngapi hiyo supu! Hata mgonjwa wa presha hapewi supu ile! Na huyu mume wako anavyoegesha gari, siku moja atagonga geti na mlinzi mwenyewe kipofu!"

Aligomba mpaka akapata kikohozi, akanywa maji, akaendelea. Sista alisimama anatokwa machozi na kutabasamu, na kadiri alivyotabasamu ndivyo mzee alivyozidi kuwaka. Rangi ilikuwa imemrudi usoni. Sista angeweza kusikiliza mpaka jioni.

Fundi Kesho alifanya kazi siku ile kama mtu anayefukuzwa na nyuki, na kwa mara ya kwanza katika historia ya gereji ile gari lilitoka siku liliyoahidiwa. Yeye na Sista walilileta wenyewe mpaka mbele ya jengo. Wakapanda juu, Sista akauweka ufunguo mezani mbele ya baba yake.

"Shangazi yuko chini, baba. Mzima. Unaweza kurudi kwako."

Mzee aliutazama ufunguo muda mrefu. Aliutazama kama anavyowatazama wale samaki wa kopo.

"Haiwezekani," akasema.

"Kwa nini haiwezekani?"

"Hila yako ilikuwa ya Jumatatu. Shangazi alishindwa Jumapili. Jumapili hukuwepo darajani na nyundo. Alishindwa mwenyewe, nikaletwa na magodoro. Niliahidi mbele ya mkwe na mbele ya mama yake kwamba nitahamia, nimehamia. Mimi si mtu wa kusema na kusemua." Akausukuma ufunguo pembeni kwa kidole kimoja. Kidole kilichelewa kidogo kuuacha.

"Bila shaka, baba, hapa ni kwako," alisema mumewe Sista, na kwa jinsi alivyokaa na soksi zake ungeona kwamba moyo ulikuwa unamtoka. "Kaa tu, hata miaka kumi."

Sista alimjua baba yake. Kumbembeleza hakusaidii, na kwa sheria zake hakuna wa kumshinda. Angerudi kwenye kiti cha plastiki kwa hiari yake, kwa heshima ya neno lake, na kesho angeanza tena kusema asante. Kulikuwa na njia moja tu ya mtu kuondoka kwenye nyumba aliyoapa kuhamia bila yeye kuvunja kiapo. Sista alipoiona, akasimama wima.

"Baba," akasema, "nakufukuza."

Kikombe cha mumewe kikagonga sahani. Fundi Kesho akavua kofia.

"Unasemaje wewe?"

"Nakufukuza. Nyumba ni yangu na mume wangu, na mimi sikutaki tena humu. Chukua vitu vyako, ondoka."

"Mimi? Baba yako?"

"Wewe, baba."

"Mbele ya mkwe?"

"Mbele ya mkwe na mbele ya fundi." Sauti ilikuwa imeanza kumkatika. "Na usirudi kulala hapa. Kula, njoo ule. Kulala, sitaki."

Mzee aliinuka. Alimtazama binti yake, na Sista hakuthubutu kuyatazama macho yale, akatazama sakafu. Akasikia hatua zikienda chumbani na kurudi hapo hapo, upesi kuliko mtu anavyoweza kukunja hata shati moja. Mkoba wa ngozi ulikuwa umefungwa vizuri, na kamba zake. Wiki zote tatu hakuwahi kuufungua zaidi ya kutoa nguo ya siku na kuirudisha.

"Katika ukoo wetu," alisema mzee mlangoni, kwa sauti kubwa ya kusikika na majirani, "haijawahi kutokea. Mtoto kumfukuza baba! Haijawahi!" Kisha akapita karibu na Sista, akamgusa kichwani, akauacha mkono wake pale kidogo kama alivyokuwa akifanya binti huyo alipokuwa mdogo mwenye homa. Akashuka ngazi zote bila kupumzika ghorofa hata moja.

Sista alikimbilia kwenye roshani. Chini, Shangazi alikohoa, akaguna, akatoa wingu la moshi lililomfunika muuza matunda. Mzee alitoa kichwa dirishani akamwambia muuza matunda na mlinzi na kila aliyekuwa anapita, "Nimefukuzwa! Na mwanangu wa kumzaa!" Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayetangaza kwamba amepata mjukuu. Gari likapanda mlima, gia zikabadilishwa mapema bila kosa, likakata kona ya soko.

Sista alisimama pale mpaka kelele zilipoisha kabisa. Hakuwa na amani hata kidogo. Daraja liko pale pale, barabara ya mbuzi iko pale pale, na baba yake amekaa juu ya tundu la sakafuni anaimba. Siku moja machela itasukumwa, au simu italia. Itakapolia, hakutakuwa na wa kumlaumu, si fundi wala idara ya maji, maana yeye mwenyewe ndiye aliyemfungulia mlango na kumtoa, kwa kinywa chake, mbele ya mashahidi. Na kama angerudishiwa dakika ile, angemfukuza tena.

Akalia kwa sauti, bila kujificha. Mumewe alikuja akasimama karibu naye, akamshika bega. Baadaye Sista alinawa uso, akanyoosha sare yake, akaenda kuingia zamu ya jioni.